Kichanga Tifutifu cha Ngazi za Mto: Mwongozo kwa Wakulima na Maafisa Ugani

Mwongozo huu unahusu aina moja ya udongo: kichanga tifutifu kinachopitisha maji vizuri, kilichotandazwa na mto na kubaki juu ya ngazi za ardhi baada ya mto kushuka chini zaidi. Umeandikwa kwa ajili ya wakulima wa kando ya mito inayotoka milima ya Uluguru mkoani Morogoro, kama Ngerengere, Mgeta, Mvuha na Ruvu, na kwa maafisa ugani wanaowashauri. Anayelima kando ya Mkondoa au Wami naye ataukuta unamhusu, kwa kuwa mito hujenga ngazi kwa namna ileile.

Udongo huu una jina zuri. Shamba likitangazwa kukodishwa kwamba liko kando ya mto, udongo wake ni mwepesi na maji hayatuami, wateja hawakosekani. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini wanaopata hasara juu ya udongo huo ni wengi vilevile, na mara nyingi sababu ni moja: wanaulima kana kwamba unaweka akiba. Hauweki. Maji yakiingia hupita, na mbolea iliyoyeyuka huyafuata. Karibu kila ushauri uliomo humu unatokana na jambo hilo.

NGAZI YA MTO

Ngazi za mto si matuta ya ngazi yanayochimbwa na watu mlimani. Mgeta ni maarufu kwa matuta hayo, na historia ya Uluguru inakumbuka upinzani wa mwaka 1955 dhidi ya amri ya kikoloni ya kuyachimba. Ngazi ya mto imechongwa na mto wenyewe. Zamani mto ulipita juu zaidi ya unapopita leo, ukifurika na kuacha mchanga na tope pande zote mbili. Baadaye, kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi, kuinuka kwa ardhi au kupungua kwa mashapo yanayotoka mlimani, ukaanza kukata kwenda chini. Uwanda wake wa zamani ukaachwa juu, tambarare, na ukingo mkali upande unaotazama mto. Jambo hilo likijirudia hupatikana ngazi mbili, tatu au zaidi. Ya chini ndiyo changa, ya juu ndiyo kongwe.

Umri huo una maana shambani. Ngazi changa bado inaonyesha safu za mafuriko moja baada ya nyingine, na madini yake hayajaoshwa sana na mvua. Ngazi kongwe imenyeshewa kwa maelfu ya miaka. Mfinyanzi wake umeshuka kutoka juu kwenda chini, rangi imeelekea wekundu, udongo umezidi kuwa na tindikali na fosforasi imekuwa haba. Mashamba mawili yanayotenganishwa na kijiteremko cha mita tatu yanaweza kuhitaji matunzo tofauti kabisa. Afisa ugani anayetoa ushauri mmoja kwa wakulima wote wa bondeni hajafanya kazi yake.

Hata juu ya ngazi moja udongo haulingani. Maji ya mafuriko yakitoka kwenye mkondo hupungua kasi ghafla, na chembe nzito ndizo zinazotua kwanza. Kwa hiyo kichanga hukaa karibu na mkondo wa zamani, na mfinyanzi hukaa mbali, mara nyingi kwenye maeneo ya chini yaliyo karibu na miguu ya vilima. Wafyatua matofali wanalijua hili bila kufundishwa. Walipochimba mashimo yao ndipo mfinyanzi ulipo. Ukitafuta kichanga, tafuta kwingine.

KUUTAMBUA KWA MIKONO

Kwa vipimo vya maabara, kichanga tifutifu kina mfinyanzi usiozidi asilimia 20, na mchanga kwa kawaida unazidi asilimia 52. Kinachobaki ni mchangatope, yaani chembe laini kuliko mchanga lakini zisizonata kama mfinyanzi. Mchanga ni chembe zenye upana wa milimita 0.05 hadi 2, na mfinyanzi ni zile zilizo chini ya milimita 0.002.

Bila maabara, mikono inatosha kwa uamuzi wa kwanza. Chukua udongo wa kujaza kiganja, ondoa mawe na mizizi, ulowanishe kidogo kidogo huku ukiukanda hadi uwe na unyevu sawasawa. Finyanga tonge. Kisha lisukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoke utepe. Kichanga tifutifu hufanya tonge linaloshikana, lakini utepe wake hukatika kabla haujafika sentimita 2.5, na ukiusugua karibu na sikio utasikia mkwaruzo. Tonge likisimama lakini utepe usitoke kabisa, hapo mchanga umezidi. Utepe ukivuka sentimita 2.5, mfinyanzi umeanza kutawala, na sehemu kubwa ya ushauri wa hapa chini haitakufaa.

Tahadhari moja kwa wa Uluguru: udongo mwingi wa huko una vimeta vya ulanga kutoka kwenye miamba ya milima hiyo. Ulanga huteleza vidoleni na kuufanya udongo uonekane laini kuliko ulivyo. Ukiona kiganja kinametameta baada ya kipimo, hakikisha kwa chupa. Jaza udongo theluthi moja ya chupa inayopitisha mwanga, ongeza maji mpaka karibu na shingo, tia chembe chache za sabuni ya unga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, kisha iache itulie. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Mchangatope huchukua kama saa mbili. Mfinyanzi unaweza kuhitaji siku nzima au zaidi. Pima kwa rula unene wa kila safu, na utapata makadirio ya asilimia yanayoweza kutegemewa kwa maamuzi ya shambani.

CHIMBA MITA MOJA

Kosa kubwa katika kuchagua shamba la ngazi ya mto ni kuridhika na udongo wa juu. Udongo wa mto umewekwa kwa safu, na safu za chini hazilazimiki kufanana na za juu. Sentimita 40 za kichanga kizuri zinaweza kukaa juu ya safu nyembamba ya mfinyanzi iliyoachwa na furiko tulivu la zamani, na safu hiyo, hata ikiwa na unene wa kiganja tu, huzuia maji ya masika yote. Anayetazama juu husema shamba linapitisha maji. Mizizi ya nyanya inayooza mwezi Aprili husema vingine.

Kwa hiyo chimba shimo lenye kina cha mita moja kwa kila ngazi unayotaka kulima, na zaidi ya moja pale ardhi inapobadilika rangi au mwinuko. Shimo liwe pana kiasi cha mtu kuingia na kuchungulia ukuta wake mchana. Kata ukuta kwa kisu ili upate uso mpya, kisha soma kuanzia juu.

Rangi ndiyo shahidi wa kwanza. Kahawia au wekundu ulioenea bila kukatika maana yake hewa inafika huko mwaka mzima, kwa sababu chuma kilichomo kwenye udongo kimebaki katika hali ya kutu. Kijivu au rangi ya samawati iliyofifia maana yake maji hukaa muda mrefu na hewa hukosekana. Kati ya hali hizo mbili kuna madoadoa: mabaka ya kutu ndani ya udongo wa kijivu, au mabaka ya kijivu ndani ya kahawia. Madoadoa hayo huonyesha kimo ambacho maji ya ardhini hupanda na kushuka. Wataalamu wa udongo huhesabu kwamba udongo unapitisha maji vizuri ikiwa dalili hizo hazionekani ndani ya mita moja ya juu. Zikianza kwenye sentimita 60, mazao ya mizizi mifupi bado yanafaa, lakini miembe na michungwa itateseka.

Shahidi huyo anaweza kusema mambo ya kale. Kwenye ngazi za juu, madoadoa yanaweza kuwa yalijichora wakati mto ulipokuwa bado karibu. Mto ukashuka, maji ya ardhini yakashuka nao, madoa yakabaki. Usilikatae shamba zuri kwa sababu hiyo pekee. Uliza wenyeji maji ya visima yako kina gani mwezi Mei, na tazama mizizi ya miti iliyopo: ikiwa hai ndani ya tabaka lenye madoa, maji hayakai tena pale.

Ukikutana na kokoto chini ya kichanga, usidhani moja kwa moja kwamba maji yote yatatoroka. Udongo laini ulio juu ya kokoto hushikilia maji kwenye mpaka wao, na huyaachia tu unapokaribia kujaa. Kama kokoto zinaanza mita moja au chini zaidi, mpaka huo ni faida, kwa sababu mizizi hupata unyevu ambao ungeenda zake. Zikianza sentimita 30, ni hasara, kwani nafasi ya mizizi imekwisha.

Mwisho wa ukaguzi ni kipimo cha maji. Karibu na shimo hilo, chimba jingine lenye kina na upana wa sentimita 30. Lijaze maji, yaache yaishe yote, kisha lijaze tena na upime yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Kujaza mara mbili ni lazima, kwa kuwa udongo mkavu hunywa maji kwa kasi isiyoonyesha tabia yake ya kawaida. Maji yakishuka kati ya sentimita 2.5 na 7.5 kwa saa, upitishaji ni mzuri. Chini ya hapo kuna kizuizi, na inafaa ukitafute. Juu sana ya hapo, umepata mchanga mtupu, na hesabu yako ya umwagiliaji itakuwa kali zaidi.

HESABU YA MAJI

Mita moja ya kina cha kichanga tifutifu huweza kuhifadhi maji yanayofikiwa na mimea ya kiasi cha milimita 100 hadi 120. Mfinyanzi mzuri huhifadhi 175 au zaidi. Milimita moja ya maji ni lita moja kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo.

Tuchukue nyanya zilizokomaa, zenye mizizi inayofanya kazi hadi sentimita 60. Akiba yote ndani ya kina hicho ni karibu milimita 66. Haifai kusubiri iishe, kwa kuwa nyanya huanza kudumaa mapema. Ukiruhusu itumike asilimia 40, una milimita 26. Siku ya jua kali ya Morogoro, shamba lililofunikwa na majani linaweza kupoteza milimita 5. Gawanya, utaona kwamba maji yanatakiwa kila baada ya siku tano, na kila mara milimita 25 hivi, yaani karibu lita 100,000 kwa ekari, bila kuhesabu yanayopotea njiani. Jirani aliye kwenye mfinyanzi anaweza kukaa siku nane au tisa. Kumwagilia kwa ratiba ya jirani ndiyo njia ya haraka ya kupata nyanya zilizopasuka na zilizooza kitako, kwa sababu zao hilo haliwezi kuvumilia kukauka kabisa kisha kulowa ghafla.

Kuzidisha maji ili uruke siku mbili hakusaidii. Kinachozidi milimita 25 au 30 hupita chini ya mizizi, na ukiwa umelipia petroli ya pampu, umeitumia kumwagilia mto. Huu ni upotevu usioonekana kwa macho, kwa sababu juu ya kichanga maji hayatuami hata yakizidi. Mkulima wa mfinyanzi huliona kosa lake kwenye dimbwi. Wa kichanga hulipata kwenye mavuno.

Wanaotumia mifereji wazingatie urefu. Udongo huu hunywa milimita 20 hadi 30 kwa saa. Mfereji ukiwa mrefu, mwanzo wake unazama kabla mwisho haujaonja maji. Kwenye shamba tambarare, mita 30 hadi 45 zinatosha. Afadhali kuwa na mifereji mifupi mingi inayolishwa na mfereji mmoja mkuu uliotandikwa plastiki au kusakafiwa. Kwa umwagiliaji wa matone, kumbuka kwamba maji ndani ya kichanga hushuka wima kuliko kutanuka. Matundu ya mpira yasipishane zaidi ya sentimita 20 hadi 30, na muda wa kufungulia uwe mfupi, mara mbili kwa siku ikibidi.

Matandazo hupunguza haja hiyo ya maji. Mabua ya mahindi, nyasi kavu au pumba za mpunga zikifunika udongo, jua haliufikii moja kwa moja na unyevu wa juu hudumu. Kwenye kichanga kisichofunikwa, sentimita chache za juu hukauka ndani ya siku moja, na mbegu ndogo kama za karoti na vitunguu huishia humo. Mahindi yapandwe kina cha sentimita 5 hadi 7, hasa vuli, ambapo mvua hukatika bila taarifa.

RUTUBA

Kinachoshika virutubisho kwenye udongo ni mfinyanzi na mboji. Hapa mfinyanzi ni mchache, kwa hiyo kazi kubwa iko kwa mboji. Kila kilo ya masalia inayochomwa shambani ni hasara mara mbili: imepotea kama chakula cha udongo, na imepotea kama sifongo ya maji. Desturi ya kusafisha shamba kwa moto kabla ya masika ina madhara kila mahali, lakini kwenye udongo huu ina madhara zaidi, kwa kuwa hauna kitu kingine cha kufidia.

Samadi iliyoiva ndiyo mtaji wa kwanza. Iwekwe kila msimu, hata kwa kiasi kidogo, kuliko kurundika nyingi mara moja kwa miaka mitatu, kwa sababu kwenye udongo wenye hewa nyingi na joto huoza na kwisha haraka. Marejea na fiwi zikipandwa kati ya misimu na kulazwa kabla hazijakomaa huongeza naitrojeni na mboji kwa gharama ya mbegu tu.

Mbolea za viwandani zinafanya kazi vizuri hapa, kwa masharti. Naitrojeni igawanywe. Kwenye mahindi, mbolea ya kukuzia itiwe mara mbili: mahindi yanapofika magotini, na tena kabla ya kuchanua. Anayeitia yote siku moja, kisha ikanyesha mvua kubwa usiku huo, ameipeleka chini ya mizizi. Urea ifukiwe, isiachwe juu, kwa sababu juu ya kichanga chenye joto sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Potasiamu nayo hutoroka, ingawa polepole zaidi. Mazao yanayoila sana kama viazi vitamu, nyanya na ndizi huonyesha upungufu kwa kingo za majani ya chini kukauka kama zilizobabuliwa. Fosforasi haitembei, kwa hiyo iwekwe chini ya mbegu au pembeni yake wakati wa kupanda. Kwenye ngazi kongwe zenye tindikali, mbolea ya Minjingu ina nafasi yake, kwa kuwa tindikali ndiyo inayoiyeyusha.

Kuhusu chokaa, jambo moja la kufurahisha: udongo huu unahitaji kidogo kuliko mfinyanzi wenye tindikali ileile. Lakini kwa sababu hiyohiyo ni rahisi kuzidisha, na udongo uliozidishiwa chokaa hukosesha mimea zinki na boroni. Usitie chokaa bila kipimo.

Mbolea inayopita haipotei kabisa. Inafika kwenye maji ya visima vifupi vilivyochimbwa juu ya ngazi ileile. Uchafu wa vyoo nao hupita kwa wepesi. Kisima na choo cha shimo vitenganishwe angalau mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa kisima.

MINYOO FUNDO NA JEMBE KITAKO

Minyoo fundo hupenda kichanga kwa sababu nafasi kati ya chembe zinawatosha kutembea. Ng'oa mche wa nyanya, bamia au biringanya uliodumaa bila sababu, uoshe mizizi. Ukiona mafundo yaliyovimba ambayo ni sehemu ya mzizi wenyewe, umewapata. Mafundo ya maharage yanayobanduka kwa kidole ni mengine. Hayo ni ya bakteria wenye faida, yaache. Kupanda nyanya baada ya nyanya kwenye kichanga ni kuwafuga. Marejea hapa hufanya kazi ya pili, kwani minyoo hao huzaliana kwa shida juu yake.

Jembe kitako, yaani tabaka gumu linalotokana na kulima kina kilekile kila mwaka au kupitisha trekta udongo ukiwa umelowa, hujengeka kwa wepesi kwenye kichanga tifutifu kuliko wengi wanavyodhani. Chembe za ukubwa tofauti hujipanga na kujazana. Pima kwa kusukuma chuma chembamba udongo ukiwa na unyevu; ukikigandamiza na kikagoma kwenye sentimita 15 au 20 kisha kikapita, tabaka hilo unalo. Livunje mwishoni mwa kiangazi udongo ukiwa mkavu, na usirudie kulima kina kilekile.

KINACHOFAA NA KISICHOFAA

Karanga, viazi vitamu, mihogo, karoti, vitunguu, matikiti, nyanya na mbogamboga nyingi hustawi. Karanga huingiza vikonyo vyake ardhini bila taabu, na karoti hunyooka. Siku moja baada ya mvua unaweza kuingia shambani, jambo ambalo soko la mboga linalilipa vizuri. Mahindi na maharage yanafaa kukiwa na mboji.

Mpunga wa majaruba haufai. Utapampu maji usiku na mchana na jaruba litabaki kavu. Bwawa la samaki lisilotandikwa plastiki halitashika maji. Wanaouziwa maeneo ya ngazi za mto kwa ajili ya ufugaji wa samaki waombe kuona shimo la mita moja kabla ya kutoa fedha.

UKINGO, MAFURIKO NA SHERIA

Ukingo wa ngazi ndio sehemu dhaifu kuliko zote. Kichanga hakina kinachokifunga, na maji ya mvua yakipata mfereji mmoja wa kuanguka kutoka ngazi ya juu kwenda ya chini, korongo huanza hapo na kurudi nyuma kuingia shambani, mita kadhaa kwa msimu mbaya. Usilime hadi mwisho. Acha ukanda wa nyasi juu ya ukingo, uupande vetiva au mabingobingo, na uyaelekeze maji ya mfereji wa mwisho kwenye njia iliyopangwa kwa mawe. Mchanga wa ujenzi usichimbwe kwenye ukingo, hata kama lori limekuja na bei nzuri. Shimo la msimu huu ni mwanzo wa korongo la msimu ujao.

Ngazi ya chini kabisa bado ni mali ya mto. Waliokumbwa na mafuriko ya Mkondoa wilayani Kilosa, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, hawahitaji kuambiwa. Mahali panapofurika mara kwa mara, panda mazao ya muda mfupi baada ya masika, usijenge ghala, na pampu iwe ya kuhamishika. Furiko likiacha mchanga mpya, chimba upime unene wake. Chini ya sentimita 5, jembe la kawaida litauchanganya na udongo wa zamani. Ukifika sentimita 20 au zaidi, huna tena shamba lile ulilolijua. Ama uuondoe, ama uanze kujenga rutuba upya kwa samadi na marejea.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza ndani ya mita 60 za ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mazingira. Sehemu ya kichanga bora mara nyingi imo ndani ya mita hizo, na hicho ndicho chanzo cha migogoro mingi kati ya wakulima na mamlaka. Pima kwa futikamba kabla ya kukodi, si baada ya kupanda.

Kabla ya msimu wa kwanza, peleka udongo maabara. Chota kutoka sehemu 15 hadi 20 kwa kupita shamba kwa mistari ya zigizaga, kina cha sentimita 0 hadi 20, changanya kwenye ndoo safi, kausha kivulini, funga nusu kilo. Kila ngazi iwe na mfuko wake. Usichote palipokuwa na zizi, jivu au mbolea ya karibuni. Maabara za Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro na za kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano mkoani Tanga hupima udongo. Omba kipimo cha mchanganyiko wa chembe, tindikali, kaboni, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na uwezo wa kushika virutubisho. Uwezo huo ukija kati ya 5 na 10, usishtuke. Ndiyo kawaida ya udongo huu. Ukija chini ya 5, fedha za mbolea za mwaka huu zianze kwanza kununua samadi.

Na mwenye nia ya kuvuta maji ya mto kwa pampu au mfereji anahitaji kibali cha kutumia maji chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kwa mito iliyotajwa humu, kibali hicho hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye ofisi Morogoro. Kiombe kabla ya kununua pampu.